Banda la Nguzo za Kuazima

Mimi sikuzaliwa na subira. Bibi alikuwa akisema nilitoka tumboni nikiuliza mbona tumechelewa. Kwa hiyo siku ile nilipoinuka katikati ya mkutano wa chama cha msingi, mbele ya wazee waliovaa makoti yao ya Jumapili, walionijua hawakushangaa kwamba nimeinuka. Walishangazwa na nilichosema.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kwetu Old Moshi. Biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka ya mjini yamejaa vitu ambavyo utotoni tulivisikia tu, na wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda mlimani kutafuta mzigo. Chama chetu, kilichozoea kuuza kahawa kwa njia ileile tangu enzi za babu, kikajikuta kinatakiwa kujinadi. Tukapewa kiwanja kwenye maonyesho ya wakulima, kule chini mjini. Maonyesho yalikuwa ya siku nne, na sisi tulikuwa na wiki tatu za kujenga banda.

Katibu wa chama alikuwa baba yangu mdogo. Nampenda baba mdogo, niseme mapema kabisa, maana mbele kidogo nitamsema vibaya. Alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya. Ndiye wa kwanza upande wetu kufuga ng'ombe wa kisasa wa maziwa, ndiye wa kwanza kununua suti ya dukani badala ya kushonewa. Mwaka ule alikuwa ametoka Dar es Salaam, akaona mabanda ya kampuni kubwa, na tangu arudi hakuwa na hadithi nyingine. Mbao zimepigwa vanishi mpaka unaiona sura yako! Zulia jekundu! Taa mchana kweupe!

"Na sisi," akawaambia wajumbe, "tutajenga banda la mbao za mringaringa. Mbao tupu, kuanzia sakafu mpaka dari. Msiulize mti utatoka wapi. Mti nautoa mimi. Ule wa nyumbani."

Watu wakapiga makofi. Mimi masikio yakawaka moto.

Mti wa nyumbani ulikuwa wa Bibi. Aliupanda mwenyewe mwaka aliokuja kuolewa, mche mdogo aliopewa na mama mkwe wake, na sasa watu wawili walikuwa hawawezi kuukumbatia wakashikana mikono. Kahawa yake yote ilikuwa chini ya kivuli chake. Mzinga wa nyuki aliouchonga babu ulikuwa bado unaning'inia kwenye tawi la upande wa mashariki, na majani yakipukutika Bibi alikuwa akiyafagia na kuyalaza kwenye mashina ya kahawa kama mtu anayemfunika mtoto. Lakini kwa desturi yetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayerithi nyumba ya baba na kihamba, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka. Baba mdogo ndiye aliyekuwa wa mwisho. Babu alikuwa amekwisha kufa, na kwa hiyo mti ukawa wa baba mdogo, hata kama maji ya kuumwagilia aliyabeba mama yake.

Na Bibi hakuwepo mkutanoni. Hakuwa ameulizwa.

Basi nikainuka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka kumaliza useremala kwenye chuo cha ufundi cha kanisa, msichana peke yangu darasani, na tangu nirudi nyumbani sikuwa nimepewa kazi kubwa kuliko kukaza miguu ya viti.

"Baba mdogo," nikasema, "hilo banda nitalijenga mimi. Na sitakata mti hata mmoja."

Wakacheka, aisee! Mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Baba mdogo hakucheka. Alianza kutabasamu, maana pamoja na yote alikuwa mtu wa kupenda mashindano.

"Utajengea nini, mama? Ugali?"

"Hiyo niachie mimi."

"Haya. Sikilizeni wote. Banda lake likisimama siku zote nne, mringaringa unabaki. Likianguka, hata ubavu mmoja, Jumatatu baada ya maonyesho wapasua mbao wanaingia kihambani, na banda la mwakani ni la mbao. Umekubali?"

Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. Nikakubali.

Nilipofika nyumbani Bibi alikuwa ameshapata habari. Sijui zilimfikiaje, maana nilikimbia njia nzima. Nilimkuta anasukuma shoka uvunguni mwa kitanda chake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Funga mlango."

"Bibi, kwani Old Moshi nzima kuna shoka moja?"

"Hayo mengine nitayafuata." Akajiinua, akajipangusa magoti. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali kama pilipili, na sijawahi kumwona analia isipokuwa siku ile. Machozi yenyewe yalikuwa ya hasira. "Mwanangu wa kumzaa! Angeniuliza tu. Hata kama ningesema hapana, angeniuliza." Halafu akanigeukia. "Na wewe umesema utajenga kwa vitu gani?"

"Sijui bado, Bibi."

"Loo! Tumekwisha."

Siku mbili sikulala vizuri wala kula vizuri. Nilichora, nikachana. Mabanzi? Yanatoka kwenye mti. Mikaratusi? Nayo ni miti, na nilikuwa nimesema hata mmoja. Mabati ya kununua? Chama hakikuwa na fedha hiyo. Siku ya tatu nikatoka nyuma ya nyumba nimenuna, nikaegemea nguzo iliyokuwa imeshikilia mgomba wenye mkungu mzito, na nikiwa nimeegemea hivyo nikaanza kuzihesabu nguzo zilizokuwa mbele yangu. Moja, tano, tisa, kumi na nne. Kihamba kimoja tu!

Asiyetoka kwetu huenda hajui. Mkungu ukikua unaulemea mgomba, kwa hiyo tunausimamishia nguzo, mti mrefu mwembamba wenye panda juu, panda inaushika mgomba shingoni. Nguzo ya mti mzuri inakaa miaka na miaka. Mkungu ukikatwa, nguzo inahamishiwa kwa mgomba mwingine. Zilikuwa zimekatwa zamani, nyingine kabla sijazaliwa, na kila nyumba ilikuwa na zake zilizokaa bure zikingoja zamu. Nilipiga kelele peke yangu pale migombani. Bibi akatoka mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

"Bibi, nimepata! Tutaazima!"

Tangu hapo sikukaa chini. Nilipita nyumba kwa nyumba, na kila nilipoingia nilitoka na kitu. Nguzo za kiunzi. Vichanja vya waya vya kukaushia kahawa, ambavyo niliviona akilini tayari vimekuwa dari, jua likipenya na kuchora mirabaraba chini. Magunia ya katani yaliyokwisha kazi kwa ajili ya kuta za ndani. Magome makavu ya migomba, mepesi, ya rangi ya dhahabu iliyoungua, ambayo kina mama wa jirani walikaa uani kwetu wakayasuka yakawa mikeka mipana. Kamba tulisokota za migomba hiyohiyo, kwa hiyo hakuna msumari hata mmoja ulioingia kwenye lile banda. Sakafu tungemwaga maganda makavu ya kahawa kutoka kiwanda cha kukoboa, ukanyage usikie yanavyonong'ona. Jina la chama nililishona juu ya gunia kwa punje za kahawa, moja moja, vidole vikatoboka, na mimi nikacheka tu. Sijawahi kufurahia kazi namna ile. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo, moyo unanidunda kama wa bibi harusi.

Sharti la kina mama lilikuwa moja: kila kitu kirudi. Nguzo hazikuwa na tatizo, maana kila mzee zamani aliweka alama yake kwa kisu ili zisichanganywe. Ya jirani wa juu ilikuwa msalaba. Ya mjane wa bondeni, mikato mitatu. Yetu ilikuwa mikato miwili na mstari wa kulala, aliyoichonga babu. Nilichagua nguzo moja ya babu, nene kuliko zote, nikasema hiyo itakaa katikati ya ukuta wa nyuma na kubeba dari.

Baba mdogo alikuja kutazama mara moja, suti mwilini, mikono mgongoni.

"Hiki ni kichaka," akasema.

"Ni banda, baba mdogo."

"Mringaringa unanisubiri," akasema, akaondoka anapiga mluzi. Nilitamani kumrushia randa.

Tulishuka na lori kupitia Kiboriloni, kina mama juu ya mzigo wakiimba za kwaya, na siku moja tu ilitosha kulisimamisha. Tulichimba mashimo, tukasimika nguzo, tukazifunga. Kushoto kwetu mfanyabiashara wa pembejeo alikuwa anapigilia plaiwudi yake. Nyuma yetu ulikuwa upande wa mifugo. Na nani alikuwa ameomba nafasi iliyo karibu kabisa na sisi? Baba mdogo, kwa ajili ya ng'ombe wake wa kisasa, ili wageni wakitoka kwenye kahawa wakutane na maziwa.

Sasa nieleze kosa, na kosa nalibeba mwenyewe. Asubuhi ya ufunguzi kina mama walishuka na migomba mibichi. Hawakuniuliza. Kwetu sherehe bila migomba mibichi langoni si sherehe, na wao waliona aibu banda liwe la vitu vikavu vitupu. Wakapamba mlango. Wakabakiwa na vigogo vizima na majani tele, wakauliza, "Fundi, haya tuyapeleke wapi?" Nami, kwa jinsi palivyopendeza, rangi ile ya kijani kando ya ile dhahabu, nikasema, "Zungushieni na nyuma!"

Tulikuwa watu kumi na zaidi pale. Kila mmoja wetu tangu utotoni alikuwa amekata mgomba, akaukatakata na kuupeleka zizini. Ng'ombe wa kwetu hachungwi. Anazaliwa ndani ya zizi, anakulia ndani ya zizi, na chakula chake kinamjia pale alipo, na chakula chenyewe ni mgomba. Na bado hakuna hata mmoja wetu, hata mmoja jamani, aliyetazama ule ukuta na kuona sahani.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Watu walijaa! Waliingia kwenye banda la plaiwudi wakatoka, walipoingia kwetu wakakaa. Wakagusa kuta, wakavua viatu ili wayakanyage yale maganda ya kahawa. Wazee walikuwa wanazisoma nguzo kama mtu anayesoma majina ya ndugu. "Hii ya fulani! Alikuwa bado ana nguzo?" Bibi alishuka kwa miguu yake, akasimama katikati, akaangalia dari, akaangalia kuta, akanivuta sikio kwa nguvu. Kwake hiyo ilikuwa sifa. Kisha akarudi nyumbani, akisema hawezi kuuacha mti peke yake na watu wenye tamaa.

Siku ya pili mama mmoja alikuja na kapu kichwani, akanyoosha kidole darini.

"Mwanangu, nipe kichanja changu."

"Mama, bado siku mbili."

"Kahawa yangu imeiva leo. Nimeimenya, nimeiosha, iko kwenye ndoo. Unataka niianike juu ya kichwa chako?"

Nikapanda, nikakifungua. Dari ikabaki na tundu. Nikaliziba kwa jani na kujifanya ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya mgeni rasmi. Asubuhi baba mdogo alikuwa amebadilika kabisa. Tangu juzi alikuwa akiona umati, na katibu akiona umati hawezi kukaa mbali. Alisimama mlangoni na suti yake ya kijivu, akawa anawaeleza watu habari za nguzo kana kwamba wazo lilitoka kwake. "Hapa hatujatupa kitu, mabwana. Hatujakata kitu!" Mimi nilikuwa nakoroga kahawa nimeuma midomo nisicheke. Alieleza saa ya kwanza, akaeleza ya pili, na katika kueleza akasahau kwamba nyuma ya banda kuna mnyama aliyemfunga mwenyewe na ambaye tangu alfajiri hajala kitu.

Kwanza nilisikia kutafuna. Nikadhani ni mtu anakanyaga maganda. Halafu ukuta wa nyuma ukatikisika, jani refu likachomolewa polepole kuelekea nje, na kwenye nafasi yake pakatokea pua pana, nyeusi, imelowa.

"Ng'ombe!" nikapiga ukelele.

Angebaki kwenye majani tungepona. Lakini alikuwa ameuma kigogo, na kigogo kilikuwa kimefungwa kwenye nguzo ya babu, na tulivyopiga kelele akaruka nyuma nacho. Kamba ikakatika. Nguzo ikang'oka shimoni. Nilisikia banda zima linaguna, kisha ubavu wote wa nyuma ukalala, vichanja vikamwagika, jina la chama likaning'inia kwa uzi mmoja. Nilisimama na birika mkononi. Nilichokiona mbele yangu hakikuwa banda. Nilimwona Bibi, na mringaringa umelala chini kando yake. Nikaanza kulia pale pale mbele za watu.

Na kutoka upande wa lango kuu tarumbeta zikalia. Mgeni rasmi alikuwa ameingia.

Kina mama hawakulia. Kina mama walikuwa wamesimamisha nguzo maisha yao yote, usiku wa upepo wanatoka na khanga kichwani kuwahi migomba isianguke na mikungu yake. Hakuna aliyetoa amri. Kila mmoja alitafuta alama yake, akashika nguzo ya kwao. "Inua! Taratibu! Wewe wa msalaba, vuta kwako!" Mjane wa bondeni aliuma kamba kwa meno huku mikono inafunga fundo. Nikafuta macho kwa kiwiko, nikarusha birika, nikapanda. Vichanja vikarudi darini kimoja kimoja. Sijui ilichukua muda gani, ila tarumbeta zilikuwa bado zinapiga wimbo uleule wakati ubavu unarudi juu.

Ikabaki nguzo ya babu. Shimo lake ng'ombe alikuwa amelikanyaga mpaka limefumuka, na hapakuwa na muda wa kuchimba jingine. Bila nguzo ile dari ingeshuka tena, na mgeni rasmi alikuwa kwenye banda la plaiwudi, hatua kumi kutoka kwetu.

Baba mdogo alikuwa amesimama kama aliyemwagiwa maji. Aliiangalia nguzo iliyolala chini. Aliiona alama, mikato miwili na mstari wa kulala. Niliona jinsi uso wake ulivyobadilika. Akainama, akaiinua, akaingiza panda chini ya boriti ya dari, na kwa vile shimo halikuwepo akaikanyagia mguu na kuikumbatia kwa mkono wa kulia, bega limeegemea kigogo kibichi kilichobaki kimetafunwa nusu.

"Leteni wageni," akasema.

Basi mgeni rasmi akaingia, akamkuta katibu wa chama amesimama katikati ya ukuta kama aliyepandwa pale. Akamnyooshea mkono. Baba mdogo akampa wa kushoto.

"Samahani, mheshimiwa. Huu wa kulia una kazi."

Kina mama wakaziba midomo kwa khanga. Mgeni alizunguka, akaonja kahawa, akauliza dari ni nini, kuta ni nini, haya yote yanakwenda wapi baada ya maonyesho. Aliyejibu ni baba mdogo, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai: kila kitu kinarudi kilikotoka, mheshimiwa, hakuna cha kuchoma wala cha kutupa. Na nyuma yake, kupitia tundu la ukuta, ng'ombe alikuwa anaendelea kutafuna kwa utulivu mkubwa. Mgeni alikaa muda mrefu kuliko alivyokaa kokote. Baba mdogo hakuiachia nguzo hata mara moja.

Alipoondoka tulichimba shimo, tukamtoa baba mdogo chini ya nguzo. Suti ilikuwa imeharibika. Utomvu wa mgomba ulikuwa umemlowesha kuanzia begani mpaka kifuani, na kila mtu wa kwetu anajua doa la mgomba likikauka linakuwa la kahawia na halitoki mpaka nguo ichakae.

Siku ya nne, maonyesho yalipokwisha, tulilifungua banda kamba kwa kamba. Nguzo zikaenda na wenye nguzo, vichanja na wenye vichanja. Maganda ya kahawa tuligawana kwa bustani. Migomba iliyobaki tulimpa mhalifu, akaimaliza. Jioni kiwanja chetu kilikuwa ardhi iliyofagiliwa, huku jirani anahangaika na plaiwudi yake iliyokatwa vipande visivyomfaa mtu. Ningepaswa kufurahi. Lakini kwenye lori nilikaa karibu na baba mdogo, roho juu juu, na mtu asiye na subira hawezi kunyamaza.

"Baba mdogo. Lilianguka."

"Najua. Nililiona."

"Sasa?"

"Jumatatu," akasema, akageukia barabara. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Sikumuuliza tena.

Nilimweleza Bibi kila kitu, sikumficha hata kamba iliyokatika. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza nani alimfunga ng'ombe. Nikasema baba mdogo. Nani alisahau kumlisha? Baba mdogo. "Na nani alimwekea chakula ukutani?" Nikainamisha kichwa. "Basi," akasema, "wote mmeshindwa. Mti tu ndio haujakosea."

Jumatatu asubuhi wapasua mbao wakaja kweli, wawili, na msumeno wao mrefu begani. Baba mdogo hakuwa amewazuia. Bibi alikuwa ameshaweka kigoda chini ya mringaringa, amekaa, panga mapajani. Mimi nilisimama nyuma yake. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake mdogo.

Ndipo tukamwona anatokea mpakani mwa kihamba, kupitia katikati ya kahawa. Alikuwa amevaa ile suti yenye doa. Kwa mikono miwili alishika jani la isale pamoja na kipande cha shina lake.

Kwetu isale si jani la kuchezea. Aliyekosa akimletea aliyemkosea, yule hawezi kukataa kusamehe, hata liwe kosa gani. Tumelelewa hivyo sote. Bibi alipoliona aligeuza uso upande.

"Usinisogelee na hilo jani!" akapaza sauti, na sauti ikavunjika. "Unataka kuniomba mti wangu kwa isale, nishindwe kukataa? Wewe si mwanangu!"

Baba mdogo hakusimama. Alikuja mpaka kwenye kigoda, akapiga magoti juu ya majani makavu na suti yake, akanyoosha mikono.

"Mama, sikuja kuomba mti. Mti ni wako. Naomba unisamehe kwa kuutoa bila kukuuliza."

Hapo nilisikia nyuki kwenye mzinga wa babu. Bibi alikaa vile vile, uso pembeni, mkono umeshika panga. Kisha akaliweka panga chini. Akageuka, akalipokea jani.

"Nimepokea," akasema.

Baba mdogo akainuka, akanitazama mimi, macho mekundu. "Na wewe, fundi. Lile banda halikuanguka. Nilikuwa chini yake, ningejua."

Maneno yote niliyoyaandaa yaliyeyuka, nikabaki nacheka na kulia kwa pamoja kama mwehu. Wapasua mbao waliuliza kama kuna kazi au hakuna. Bibi akawaambia kuna mtori jikoni na pombe ya mbege iliyokaa vizuri, na kwamba mwanawe atawalipa usumbufu. Akalichomeka lile isale ardhini, kando ya shina la mringaringa, maana isale ukilichomeka linashika. Halafu akamwangalia mwanawe kuanzia begani mpaka kifuani.

"Vua hilo koti nikufulie."

"Halitoki, Mama."

"Najua halitoki. Vua."

Akavua. Alilifua kwa mikono yake, kwa sabuni ya mche, muda mrefu, kisha akalianika kwenye tawi la chini la mringaringa. Lilining'inia pale mchana kutwa, likidondosha maji juu ya kahawa, na doa lilikuwa palepale.